Namna ya Kuingia Katika Shampiona ya Golfu, na Sababu Gani Wanapima Mukojo



Katika muji wa Lubumbashi kuko kwartye nzima inayoitwa Golf. Watu wanapita pale kila siku, lakini ukiwauliza muchezo wenyewe unachezwa namna gani, wengi wananyamaza. Neno lingine tunalosikia katika habari za michezo ni dopaji. Hapo kila mutu anafikiri wanaokimbia mbio ao wanaopanda baisikeli. Kumbe hata golfu, muchezo wa kutembea polepole na fimbo mukononi, iko na sheria kali za dopaji. Tena kuko dawa zinazokatazwa katika golfu ambazo muchezaji wa mupira wa miguu anaweza kumeza bila kosa. Tunataka kueleza sababu yake. Lakini tuanze kwanza mulangoni, maana sheria ya dawa inaanza pale pale mutu anapoandikisha jina.

Kwa wasiojua: muchezaji anapiga mupira mudogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo. Mashimo ni 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mushindi. Uwanja mukubwa mara nyingi unahesabiwa kwa mapigo 72, ni kusema muchezaji hodari anapashwa kuumaliza kwa mapigo 72.

Shampiona kubwa ya Uingereza ilianza mwaka 1860 kule Prestwick, katika Scotland, na wachezaji 8 tu. Leo inaitwa The Open, na jina lake linasema kwamba mulango uko wazi. Marekani nao wako na yao, U.S. Open. Hii ya Marekani inapokea majina zaidi ya 10.000 katika mwaka mumoja, lakini wanaocheza shampiona yenyewe ni 156. Wengine wote wanachujwa. Wakubwa wachache wanaingia moja kwa moja juu ya ushindi wao wa zamani ao kwa nafasi yao katika orodha ya dunia. Waliobaki wanacheza kwanza mashimo 18 karibu na kwao, kisha wale walioshinda wanacheza mashimo 36 kwa siku moja. Siku hiyo ni ya jasho, na wengi wanarudi nyumbani.

Lakini si kila mutu anaweza kutuma jina. Sherti awe profesioneli, ni kusema mutu wa kuishi kwa muchezo huu, ao awe amatere mwenye hendikapu isiyopita 0,4. Hapa inafaa tueleze. Hendikapu ni namba ya kuonyesha mutu anapita hesabu ya uwanja kwa mapigo mangapi, akicheza vizuri. Tangu mwaka 2020 dunia karibu nzima inatumia hesabu moja: wanatwaa michezo yako 20 ya mwisho, wanachagua 8 iliyo mizuri, wanatafuta hesabu ya katikati. Mutu anayejifunza anaweza kuwa na hendikapu ya 54, na hiyo ndiyo ya juu kabisa. Mwenye 0,4 ni karibu sawa na uwanja wenyewe. Mutu hawezi kujipatia hendikapu nyumbani kwake. Anaipata kwa njia ya kilabu ao federasyo, akiandika hesabu za kweli.

Sababu gani wanakaza hivi? Kuko habari moja ambayo Waingereza hawaisahau. Mwaka 1976 mutu mumoja jina lake Maurice Flitcroft, aliyekuwa anaendesha mashini ya kunyanyua mizigo kule Barrow-in-Furness, alitaka kuingia The Open. Amatere alipashwa kuandika hendikapu yake, na yeye hakuwa nayo hata moja. Basi akaandika kwamba ni profesioneli. Karatasi ikapokelewa. Siku ya kuchujwa, kule Formby, alipiga mapigo 121. Wakubwa walikasirika sana na wakamufungia mulango, lakini yeye akarudi miaka mingine na majina ya uongo. Watu wengi walimucheka, wengine walimupenda. Sisi hatumuchukii hata kidogo, lakini tufikiri pia wale waliopangwa kucheza pamoja naye siku ile. Na wao walikuwa wanatafuta nafasi, na siku yao iliharibika.

Amatere naye iko na masharti yake ya pesa. Kufwatana na sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2022, anaweza kupokea zawadi isiyopita dola 1.000, ao paundi 700 kwa Uingereza. Akipokea zaidi anapoteza jina la amatere. Kwa vijana kuko Junior Open, inayochezwa mara moja kila miaka miwili kwa wale wasiofika miaka 16. Pale mutoto hatumi jina peke yake: federasyo ya inchi ndiyo inaleta kijana mumoja na musichana mumoja.

Sasa tufike kwenye sahihi. Karatasi ya kuandikisha jina haisemi tu jina, umri na hendikapu. Mara nyingi kuko maneno madogo madogo chini yake, ambayo watu hawayasomi: kwamba anayetia sahihi anakubali sheria zote za shampiona, pamoja na sheria za dopaji, na anakubali kupimwa siku yoyote watakayomuita. Kwa mutoto, muzazi ndiye anatia sahihi. Kwa hiyo mutu asiseme kisha kwamba hakujua. Alitia mukono.

Mutu atauliza: golfu inajisifu kwamba ni muchezo wa watu wa kweli, sasa mukojo wa nini? Swali hili iko na nguvu. Katika golfu mara nyingi hakuna refa karibu nawe. Ni wewe mwenyewe unajihesabia na kujitolea azabu. Mwaka 1925, katika U.S. Open kule Worcester, Bobby Jones aliona mupira wake umetikisika kidogo wakati alipotaka kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Yeye akajiongezea pigo moja. Mwisho wa shampiona alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane, wakarudia kucheza wao wawili, na Jones akashindwa. Pigo lile moja lilimupotezea kombe.

Wakubwa wa golfu walikaa muda murefu na wazo hili, kwamba muchezaji wao hawezi kudanganya. Tena walisema: dawa itasaidia nini? Golfu si mbio wala ngumi. Ni mwaka 2008 tu, mwezi wa saba, ambapo PGA Tour, ile jamii kubwa ya wachezaji profesioneli wa Marekani, ilianza kupima. Kisha golfu ikarudi katika Michezo ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016 (ilikuwa haikuonekana pale tangu 1904), na mutu hawezi kuingia Olimpiki bila kukubali sheria za WADA, shirika la dunia la kupigana na dopaji, lililoundwa mwaka 1999 na lenye makao Montreal.

Na dawa inasaidia nini? Tazameni mukono wa mutu anayepashwa kusukuma mupira katika shimo, mwendo wa metre moja tu, na watu elfu wamenyamaza wanamutazama. Nguvu za misuli hazina kazi hapo. Moyo unapiga mbio, vidole vinatetemeka, fimbo inapinda kidogo, mupira unapita kando. Walio fanya mutihani wa mwisho wa serikali wanajua kutetemeka kwa namna hiyo. Sasa kuko dawa ambazo waganga wanapatia wagonjwa wa tansio na wa moyo, kama propranolol na atenolol. Zinapunguza mbio ya moyo na zinatuliza kutetemeka kwa mukono. Kwa mukimbiaji dawa hiyo ni hasara, maana yeye anahitaji moyo upige kwa nguvu. Kwa mutu wa golfu ao wa kupiga shabaha na bunduki, inaweza kuwa faida. Njo maana orodha ya WADA inazikataza katika michezo michache tu, na golfu imo. Katika golfu zinakatazwa wakati wa mashindano. Mutu wa shabaha anakatazwa hata siku zingine.

Dawa zingine zinakatazwa kwa wote: zile za kuongeza misuli, kama testosterone, zinakatazwa kila siku ya mwaka, zile za kuamusha mwili na bangi, wakati wa mashindano. Orodha inatengenezwa upya kila mwaka na inaanza kazi tarehe 1 Januari. Dawa ya maumivu inayoitwa tramadol, ambayo watu wengi wanaijua, ilikuwa ruhusa. Tangu 2024 inakatazwa wakati wa mashindano. Wale wa timu zetu za mupira wa miguu wasifikiri kwamba hii haiwahusu: tramadol inakatazwa kwao pia.

Kupimwa kunafanyika hivi. Muchezaji akimaliza, mutu mumoja anamufikia na kumwambia kwamba amechaguliwa, na tangu dakika ile hamuachi kwa macho. Wanaingia chumba cha pembeni. Anatoa mukojo mbele ya mushuhuda (haya hakuna pale, lakini mwanamume anatazamwa na mwanamume, mwanamuke na mwanamuke). Sherti ufike mililita 90. Akiwa mutoto, iko na haki ya kuwa na mutu muzima wake. Mukojo unagawanywa katika chupa mbili, A na B, muchezaji mwenyewe anazifunga. Laboratwari inafungua A. Wakiona kitu, muchezaji anaweza kuomba B ifunguliwe mbele yake ao mbele ya mutu wake. Chupa hazina jina, ziko na namba tu.

Kukataa ni sawa na kupatikana. Mwaka 2017 muchezaji wa Australia, Mark Hensby, aliambiwa atoe mukojo kisha mashindano. Aliondoka bila kuutoa. Hakuna chupa, hakuna dawa iliyoonekana, lakini alifungiwa mwaka mumoja. Kuko mwingine, Scott Stallings wa Marekani, aliyepimwa na hawakuona kitu. Munganga wake alikuwa amemupatia DHEA juu ya uchovu. Baadaye yeye mwenyewe aligundua kwamba iko katika orodha, akaenda kujisema. Mwaka 2015 wakamufungia miezi mitatu. Huyu, kwa mawazo yetu, ni ndugu wa Bobby Jones.

Maana sheria haiulizi kama ulikusudia. Inauliza tu: kitu kilikuwa katika mwili wako, ndiyo ao hapana? Munganga alinipa, mama alinipa, nilinunua katika duka la dawa, hayo yanaweza kupunguza azabu, lakini hayafuti kosa.

Basi mugonjwa wa kweli afanye nini? Kuko njia. Anaandika kuomba ruhusa ya kutumia dawa, anatia karatasi za munganga na za laboratwari. Kamati ya waganga inatazama: ugonjwa ni wa kweli? Dawa hii itamurudisha tu katika afya ya kawaida, ao itamupandisha juu ya wengine? Hakuna dawa nyingine isiyokatazwa? Ruhusa inaombwa mbele ya mashindano, isipokuwa mutu ameanguka na kuletwa lupitali kwa haraka.

Njia hii haimufikishi kila mutu. Doug Barron wa Marekani alikuwa anatumia propranolol tangu ujana, juu ya moyo wake. Tena waganga walimukuta na testosterone kidogo mwilini. Sheria zilipoanza mwaka 2008 aliomba ruhusa kwa dawa zote mbili. Wakakataa, wakamwambia aachane polepole na ile ya moyo. Mwezi wa sita 2009 alicheza kule Memphis, akapimwa, zote mbili zikaonekana. Alikuwa wa kwanza kufungiwa na PGA Tour juu ya dopaji: mwaka mumoja. Alienda mbele ya tribinali kuomba aachwe acheze, tribinali ikakataa.

Juu ya habari hii sisi wa bulletin hatukupatana. Wengine wetu walisema: aliomba, akakataliwa, kisha akatia jina katika mashindano akijua, sahihi ni sahihi. Wengine walisema: kumwambia mugonjwa wa moyo achague kati ya dawa yake na kazi yake, hilo si jambo la kuamuliwa na watu wa muchezo. Mwalimu wetu wa biolojia alitukumbusha kitu kimoja ambacho hatukukifikiri, kwamba dawa ya namna ile mutu haiachi kwa siku moja. Akiikata gafula, moyo unaweza kumuletea shida kubwa kuliko ya kwanza. Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Anayetaka kuandika mawazo yake atuletee karatasi mbele ya siku ya posho, tutayachapa.

Barron mwenyewe alirudi kucheza. Alipofika miaka 50 alipata haki ya kuingia katika mashindano ya wazee wa golfu. Mwezi wa nane 2019, kule Endicott, hakuwa na nafasi ya moja kwa moja. Akaandikisha jina kama wengine, akachujwa, akapita, na mwisho wa juma akatwaa kombe.