Ndama Anayehara Hufa kwa Kukosa Maji na Chumvi



Tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi wa skimu wamejenga maisha yao juu ya ng'ombe wa gredi, na wengi waliwanunua kwa mkopo. Ndama jike mmoja akifa, hukupoteza ndama tu. Umepoteza maziwa ya miaka mingi.

Asubuhi moja mkulima alikuja ofisini kwetu kumtafuta daktari wa mifugo. Ndama wake alikuwa akihara kwa siku ya tatu. Nilimwuliza anampa nini. Akajibu, "Simpi kitu, Bwana Karani. Nimemnyima maziwa na maji ili tumbo likauke." Daktari alipofika, ndama alikuwa amekwisha kufa. Mkulima huyo si mvivu, ila hakuna aliyemweleza jinsi maji yanavyokwenda mwilini.

Jaribu kwa kiazi

Kata vipande viwili vyembamba vya kiazi cha Kizungu. Kimoja kitie katika maji matupu, na cha pili katika kikombe cha maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Baada ya saa mbili, cha kwanza kitakuwa kigumu, na cha pili kitakuwa kimelegea na kupindika. Chumvi imeyavuta maji yakatoka ndani ya kiazi. Ndiyo sababu ngozi ya ng'ombe ikipakwa chumvi hutoa maji.

Mwili wa ndama nao umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli ina ngozi laini inayopitisha maji, lakini haipitishi chumvi ovyo. Maji huenda upande ule wenye chumvi nyingi zaidi. Kama theluthi mbili za maji ya mwili zimo ndani ya seli. Theluthi moja imo nje, katika damu na katika nafasi zilizo kati ya seli. Chumvi ya kawaida hukaa zaidi nje, nayo ndiyo inayoyashika maji ya damu yasiondoke.

Ndama anapohara, hupoteza maji pamoja na chumvi. Damu hupungua na kuwa nzito, haifiki vizuri masikioni na miguuni, na viungo hivyo huwa baridi. Ndama wa kilo 40 akipoteza lita 4, amepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na yu karibu na kifo.

Mtazame macho: je, yamezama? Finya ngozi ya shingo, kisha uiachie. Isiporudi upesi, maji yamepungua.

Kwa nini maji matupu hayatoshi

Maji bila chumvi hayakai katika damu. Huingia ndani ya seli. Ndama mwenye kiu kali akinywa maji mengi kwa mara moja, seli nyekundu za damu huvimba na kupasuka, na mkojo huwa mwekundu.

Dawa yake yapatikana dukani. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, tia vijiko 6 vya chai vya unga wa glukosi na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Glukosi na chumvi hupita pamoja katika ukuta wa utumbo, kama wageni wawili wanaoshikana mikono, na maji huwafuata. Usitumie sukari ya chai, maana tumbo la ndama haliwezi kuivunja. Wala usizidishe chumvi: ikizidi huvuta maji kutoka ndani ya seli, hata za ubongo, kama ulivyoona kwa kiazi.

Mpe lita 2 kwa chupa yenye chuchu, asubuhi, mchana na jioni. Endelea kumpa maziwa yake, lakini usiyachanganye na dawa hii. Acha saa mbili zipite kati yake. Usimmiminie kooni kwa nguvu, asije akapaliwa na maji yakaingia mapafuni. Mtenge na ndama wengine, mtandikie nyasi kavu, na unawe mikono.

Asipoweza kusimama au kunyonya, au ukiona damu katika kinyesi, mwite daktari wa mifugo mara moja. Huyo atamtia maji ya chumvi katika mshipa, yenye gramu 9 katika kila lita, kiasi ambacho hakivimbishi seli wala kuzinyausha.

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Ya ndama hurudishwa, lakini anza siku ile ile ya kwanza. Nunua glukosi leo uiweke nyumbani, kabla ng'ombe wako hajazaa.