Michirizi ya Migomba: Kipimo Kikisema Ndiyo, Uliza Tena

Hapa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, si mahali ambapo mtu angefikiria migomba kwanza. Tuko juu ya bahari kiasi cha mita 1,900, mvua ni haba, na usiku wa Julai baridi huuma. Lakini mtu mwenye pampu na samadi ya ng'ombe hupata mikungu mizuri, na wanunuzi hawako mbali, maana mashamba ya maua yana wafanyakazi wengi. Kwa hiyo siku hizi ofisini hapapiti wiki bila mtu wa skimu kuuliza: Machipukizi nitayapata wapi?

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na jibu. Ana mashina arobaini ya gonja na kisukari, na majirani kadhaa walikuwa wamekwisha kumwomba machipukizi. Baridi ilipokwisha aliona jambo. Baadhi ya majani yalikuwa na michirizi ya manjano iliyokatika-katika, na mingine ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kahawia na nyeusi. Mwanawe akachukua majani ya mashina tisa, akayapeleka kupimwa maabarani. Jibu likarudi kwamba yote tisa yana kirusi.

Mzee akaja ofisini na karatasi mkononi. "Mwalimu," akaniambia (wengi huniita hivyo mpaka leo, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo), "haya ya mashina sita hayana doa hata moja. Nayo ni magonjwa? Sasa ning'oe shamba lote?"

Mimi si mtaalamu. Nikampeleka kwa Bwana Shamba, naye akampigia simu mtu anayejua mambo ya virusi. Mtu huyo hakuuliza michirizi ni mingapi. Aliuliza mambo mawili tu: ni migomba ya aina gani, na walipima kwa njia gani?

Maswali hayo yalinishangaza, kwa hiyo nikayafuatilia. Niliyoyapata nayaandika hapa, maana wako wengi watakaopewa karatasi kama ile.

Migomba tunayolima ina wazee wawili wa asili, wote wa porini huko Asia. Mmoja huitwa Musa acuminata, wa pili Musa balbisiana. Matoke, na ile bogoya ya Waganda ambayo Wazungu huiita Gros Michel, ni za ukoo wa mzee wa kwanza peke yake. Gonja na kisukari zimechanganya damu ya wote wawili. Sasa, kirusi cha michirizi kiliingia zamani sana katika ukoo wa balbisiana, kisikae majanini tu kama mgeni, bali kikajiandika ndani ya urithi wenyewe wa mmea. Mwaka 1999 wataalamu walithibitisha jambo hilo. Mgomba wa namna hiyo huwarithisha watoto wake maandishi ya kirusi kama vile unavyowarithisha rangi ya ganda, na waweza kuishi miaka mingi bila kuugua.

Nilipokuwa nikifundisha tulikuwa na rejista ya darasa. Jina la mtoto laweza kuwa rejistani, na mtoto mwenyewe yuko nyumbani anachunga mbuzi. Mkaguzi akisoma rejista tu, atasema darasa limejaa. Kipimo cha kwanza cha yule mzee kilifanya hivyo hivyo.

Kipimo chenyewe huitwa PCR. Alikibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kazi yake ni kutafuta kipande kidogo cha uzi wa urithi na kukizidisha mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili. Wenye watoto shuleni na wawape hesabu hii: moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. Ikifika mara ya 30 mtapata zaidi ya milioni elfu moja. Ndiyo maana kipimo hiki huona kitu kidogo mno ambacho hata darubini haikioni. Kwa magonjwa mengi ni kipimo kizuri sana. Lakini ukisaga jani la gonja na kulipima hivi hivi, kitazidisha maandishi yaliyo katika urithi wa mgomba, kisha kiseme kirusi kimo. Hakikudanganya, ila kimesoma rejista.

Wataalamu walilitafutia dawa jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukamata kwanza, kupima baadaye. Ndani ya kichupa hupakwa kingamwili, yaani kitu kinachoshika kirusi kizima kama gundi ishikavyo nzi. Maji ya jani humiminwa humo, kirusi hunasa, na urithi wa mgomba huoshwa na kumwagwa. Kilichobaki ndicho kinachopimwa kwa PCR. Hapa Kenya kirusi hiki kimetafutwa kwa kingamwili na kwa kusoma urithi pia, na Karanja, Wangai, Harper na Pathak walitoa taarifa yao mwaka 2008. Udhaifu wa kukamata ni kwamba virusi vya michirizi ni vya namna nyingi, na kingamwili iliyotengenezwa kwa namna moja yaweza kuikosa nyingine. Hapo mgonjwa huambiwa ni mzima, na kosa hilo ni baya kuliko lile la kwanza, maana machipukizi yake yatatawanywa.

Njia ya pili ilitangazwa mwaka 2011 na A. James na wenzake wa Australia. Wao waliona kwamba kirusi kilicho hai huubeba uzi wake wa urithi ukiwa mviringo kama pete, bali ule ulioandikwa ndani ya mgomba hauzunguki hivyo, umeshonwa katika uzi mrefu wa mmea. Basi wakatumia namna ya kuzidisha inayopenda pete, inayozunguka juu yake kama punda wa kinu. Pete ikiwepo, kirusi kipo. Kwa kazi hiyo wao na wenzao walipata namna sita za virusi hivi katika migomba ya Afrika Mashariki.

Majani ya mzee yakapimwa upya, mara hii na watu walioambiwa mapema kwamba ni gonja na kisukari. Mashina manne yakaonekana na kirusi hai: yale matatu yenye michirizi, na moja ambalo macho yetu sote yalilipita. Michirizi ina tabia hiyo. Jani moja huionyesha, majani mawili yanayofuata hutoka safi, nawe ukadhani umepona.

Manne hayo aliyang'oa na kuyakata-kata. Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyizia. Huenda kwa machipukizi, na kwa wadudu wadogo weupe wenye ungaunga wanaonyonya mmea. Hauendi kwa panga kama mnyauko wa bakteria, ingawa kusafisha panga ni desturi njema kwa ajili ya huo mnyauko.

Na yale mashina yaliyosalia? Hapa sipendi kumficha mtu. Ni mazima leo, lakini jina bado limo rejistani. Mgomba ukiteswa na kiu, au kwa baridi na joto kupokezana, maandishi yale yaweza kuamka yakawa kirusi kamili. Hata kuukuza maabarani kwa tishu kalcha kwaweza kuyaamsha. Kwa gonja katika nchi kavu kama yetu hilo ni jambo zito. Mzee alikubali kutogawa chipukizi hata moja mpaka aone majani ya misimu miwili, naye ameongeza samadi na zamu za maji. Majirani wawili hawakutaka kungoja, wakanunua miche ya tishu kalcha ya bogoya, ambayo haina damu ya balbisiana. Nadhani walifanya vema, ingawa mzee anasema bogoya haikaangiki kama gonja.

Kuna wanaotafuta kulifuta jina lenyewe. Mwaka 2019 Leena Tripathi na wenzake wa IITA, Nairobi, walieleza jinsi walivyoyakata-kata maandishi ya kirusi ndani ya gonja. Walipoinyima maji migomba iliyokatwa hivyo, robo tatu yake haikuonyesha dalili.

Jambo jingine ni la wale wanaopanda basi kwenda kuwaona jamaa Uganda au Tanzania na kurudi na machipukizi guniani. Huko kuna ugonjwa mwingine wa virusi, ule unaofanya majani kuwa mafupi, membamba na kusongamana juu kama fagio, na mgomba usizae. Hubebwa na vidukari wa migomba. Ulikuwa Kongo tangu zamani, na baada ya mwaka 2020 habari zilitoka kwamba umeonekana West Nile nchini Uganda, na Kigoma nchini Tanzania. Huo haujiandiki katika urithi wa mgomba, kwa hiyo PCR ya kawaida huutambua bila utata. Lakini chipukizi laweza kuwa nao kabla halijaonyesha dalili, na kulivusha mpakani bila kibali cha KEPHIS ni kosa.

Mwenye shaka na migomba yake na alete majani ofisini. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja kwa kila shina, kikiwa kikavu, ukifunge peke yake katika karatasi ya gazeti, si katika mfuko wa plastiki, maana humo huoza. Juu ya kila karatasi andika namba ya shina na aina ya mgomba, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.