Fahamu Utaratibu wa Kisheria wa Maandamano ya Kisiasa

Kwa mkazi wa Butimba, barabara kuu iingiayo jijini Mwanza kutoka Usagara ndiyo njia ya sokoni, shuleni na hospitalini. Kwa sababu hiyo, sheria haiyapigi marufuku maandamano, wala haiyaachi yafanyike bila utaratibu.

Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa kukutana kwa amani na kutoa maoni hadharani. Ibara ya 30 inaruhusu uhuru huo kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa jamii na haki za wengine.

Kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, mwandaaji hupaswa kumpa ofisa wa Polisi msimamizi wa eneo taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, akieleza mahali, muda na madhumuni. Hiyo ni taarifa, si ombi la kibali. Polisi wanaweza kuzuia maandamano wakiridhika kuwa yatavunja amani. Asiyeridhika na zuio hukata rufaa kwa Waziri.

Maandamano ya Chadema ya Februari 15, 2024 jijini Mwanza yalifanyika chini ya ulinzi wa Polisi. Asiyetoa taarifa huwanyima Polisi muda wa kumlinda mwandamanaji na mwenye duka pia. Na zuio lisilo na sababu za kisheria hudhoofisha utii wa sheria.