Jina la Mdhamini Kinywani mwa Mtangazaji: Lugha ya Biashara katika Utangazaji wa Kriketi

Kriketi ni mchezo wenye mapengo mengi. Mrushaji akiisha kutupa mipira 6, zamu hiyo, iitwayo ova, hukoma, na mrushaji mwingine huanza kutoka upande wa pili. Televisheni za biashara zilitambua thamani ya mapengo hayo. Mwaka 1977 Kerry Packer, mwenye kituo cha Channel Nine cha Australia, alianzisha mashindano yake mwenyewe baada ya bodi ya kriketi ya nchi hiyo kumkatalia haki ya kuonyesha mechi zake. Katika televisheni za namna hiyo, matangazo ya biashara kati ya ova yalikuja kuwa desturi.

Tangazo la aina hii huweza kuudhi, lakini halimghilibu mtazamaji. Picha hubadilika, sauti hubadilika, muziki huingia. Mpaka kati ya habari na biashara huonekana wazi. Makala haya yanakusudia kuchunguza aina nyingine, ile inayoingia ndani ya sentensi ya mtangazaji mwenyewe.

Mfano bora ni ligi ya India iitwayo Indian Premier League, iliyoanza mwaka 2008. Hadi mwaka 2012 mdhamini wake mkuu alikuwa DLF, kampuni ya majumba. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi, mpigaji hupata mikimbio 6, na kwa Kiingereza pigo hilo huitwa "six". Watangazaji wa ligi hiyo waliliita "DLF Maximum". Mpira uliodakwa kwa ustadi uliitwa "Karbonn Kamaal Catch", kwa jina la kampuni ya simu; na tukio la ushindi likawa "Citi Moment of Success", kwa jina la benki. Mwaka 2009 mchezo wenyewe ulikatwa kwa mapumziko ya dakika 7 na nusu. Baadaye yalifupishwa, lakini nayo yakapata mdhamini wake.

Kiisimu, hapa pana mambo mawili. Kwanza, mtangazaji ni shahidi. Asemapo kwamba mpira umevuka mpaka, kauli yake ni ya kweli au ya uongo, na picha yaweza kuithibitisha. Jina la kampuni halina ukweli wala uongo wa namna hiyo. Lakini likiwekwa ndani ya kirai nomino kimoja na tukio, hupata muhuri wa ushahidi huo. Pili, jina hutamkwa wakati sauti imepanda kwa msisimko, pasipo kituo wala badiliko la lafudhi. Msikilizaji hapewi nafasi ya kujihadhari.

Neno "kamaal" lina funzo lake. Katika Kihindi na Kiurdu lina maana ya ukamilifu au ajabu, na asili yake ni Kiarabu, katika mzizi ule ule uliokipa Kiswahili neno "kamili". Neno la sifa, ambalo mtangazaji alipaswa kulitoa kwa hiari yake baada ya kupima tendo, likawa sehemu ya jina lililolipiwa. Sifa inayonunuliwa kabla ya tendo haiwezi tena kupima tendo.

Kiswahili nacho hakiko mbali na jambo hili. Nchini Tanzania wasikilizaji walizoea Ligi Kuu ya Vodacom, kisha Ligi Kuu ya NBC. Kihusishi "-a" hubeba maana nyingi: umiliki katika "nyumba ya Juma", asili katika "chai ya Kericho", matumizi katika "maji ya kunywa". Sarufi, basi, haimwambii msikilizaji kama benki inaimiliki ligi au inailipia tu. Hata hivyo, hilo ni jina la mashindano, si la tendo. Bao lingali bao.

Yafaa kukiri kwamba fedha za wadhamini huwalipa wachezaji na kuwafikishia watu mchezo majumbani. Hoja si kuwafukuza, bali kuwaweka mahali pao: ubaoni, kwenye jezi, na katika mapengo kati ya ova. Mtangazaji akiachiwa sentensi yake, mtazamaji atajua ni nani anayesema naye: shahidi au muuzaji.