Nyenje Wanaokwenda kwa Namba Tasa

Nyenje wa jenasi Magicicada, wapatikanao mashariki mwa Marekani tu, huishi chini ya udongo kwa miaka 13 au 17, kutegemea spishi. Huko tunutu wao hufyonza maji ya mizizi ya miti. Mwaka wao ukitimia, na udongo ukifikia joto la nyuzi 18 hivi za Selsiasi kwenye kina cha sentimita 20, hutoka kwa pamoja, pengine mamia katika mita moja ya mraba. Madume hulia kwa kishindo, majike hutaga kwenye vitawi, na wiki chache baadaye wote wamekwisha kufa.

Namba 13 na 17 ni tasa: kila moja ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika (KKS) cha hizo mbili ni 1. Zao la namba mbili siku zote ni sawa na KKS yake mara kigawe chake kidogo cha shirika (KDS). Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. 6 × 36 ni 216, sawasawa na 12 × 18. Kwa 13 na 17 hakuna cha kupunguza, hivyo KDS ni zao lenyewe: 221.

Ndiyo maana makundi mawili ya nyenje hao, Kundi la XIII na Kundi la XIX, moja la miaka 17 na jingine la miaka 13, yaliyotoka pamoja mwaka 1803, hayakukutana tena hadi 2024, na yatakutana mwaka 2245. (Namba za Kirumi ni za orodha tu; Kundi la XIII, kwa mkanganyiko, ndilo la miaka 17.) Hata mwaka 2024 maeneo yao yalikaribiana tu katikati ya jimbo la Illinois.

Kwa nini namba tasa? Dhana moja inamtazama adui. Tuseme adui huongezeka kila baada ya miaka 4. Nyenje wa miaka 12, ambayo ina vigawo 1, 2, 3, 4, 6 na 12, wakikutana naye mara moja watamkuta kila wanapotoka. Wa miaka 17 watamkuta mara moja katika miaka 68. Dhana ya pili ni kwamba mizunguko isiyo na kigawo cha shirika zaidi ya 1 huyazuia makundi kuchanganyika na kuzaliana. Zote mbili zinavutia, lakini hakuna iliyothibitishwa, na adui mwenye mzunguko unaofaa hajapatikana. Kinga iliyo dhahiri zaidi ni wingi: ndege hula hadi washibe, na nyenje bado wamejaa mitini.

Miaka yenyewe huhesabiwa kwa mti. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, watafiti waliifanya mipichi ichipue mara mbili kwa mwaka mmoja, na nyenje waliokuwa mizizini wakatoka mwaka mmoja kabla ya wakati. Hesabu hukosewa pia bila mkono wa mtu. Mwaka 2017, nyenje wengi wa Kundi la X, la miaka 17, walijitokeza miaka 4 mapema, yaani wakiwa na miaka 13.