Maji Yakiingia Sikioni

Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu, watoto wa Malindi, Watamu na Kilifi hushinda pwani wakiogelea, na wavuvi wa pweza na kamba hupiga mbizi miambani. Jioni wengi hurudi nyumbani wakitikisa vichwa, kwa kuwa maji yamewaingia masikioni. Jambo hili ni dogo, na mara nyingi huisha lenyewe. Lakini wapo watu walioharibikiwa na masikio, si kwa sababu ya maji, bali kwa sababu ya kijiti kilichotumiwa kuyatoa. Kwa hiyo yafaa kila mzazi na kila mvuvi afahamu jinsi sikio lilivyoumbwa, apate kujua la kutenda na la kuacha.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Limepinda kidogo, na mwisho wake limezibwa na ngozi nyembamba sana iitwayo kiwambo. Kama ngozi ya ngoma itikisikavyo ipigwapo, ndivyo kiwambo nacho kitikisikavyo sauti inapokifikia. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mna vifupa 3 vipelekavyo mtikisiko huo mbele zaidi. Tena uko mrija mwembamba utokao katika chumba hicho, ushukao hata nyuma ya pua.

Basi maji ya bahari yaingiapo sikioni hufika kwenye kiwambo yakakoma hapo. Kiwambo kikiwa kizima, maji hayapiti kwenda ndani, wala hayafiki kwenye ubongo, kama wengine waogopavyo. Hukaa kwa kuwa tundu ni jembamba, nayo huambatana na kuta zake. Mtu akichovya mrija mwembamba majini kisha akauinua, ataona maji kidogo yamesalia ndani wala hayadondoki, akiutikisa, yatoka. Sikio nalo ni vivyo hivyo.

Njia ya kuyatoa ni hii. Mtu na ainamishe kichwa hata sikio lenye maji lielekee chini. Kisha alishike sikio kwa vidole, alivute taratibu kwenda juu na nyuma, maana kufanya hivyo hulinyosha lile tundu lililopinda. Sikio la mtoto asiyetimiza miaka 3 huvutwa chini na nyuma. Kutafuna kitu au kupiga miayo husaidia pia, kwa sababu taya likienda, tundu nalo huchezacheza na maji hulegea. Yakikataa kutoka, na alale kwa ubavu juu ya kanga kavu kwa dakika chache, sikio likiwa chini. Hatimaye apanguse kwa kitambaa kikavu yale yaliyofika nje tu. Maji kidogo yakibaki, joto la mwili huyakausha pole pole.

Haraka haina baraka, na katika jambo hili maneno hayo ni kweli kabisa. Mtu asitie sikioni kijiti cha kibiriti, wala unyoya wa kuku, wala pini ya nywele, wala ufunguo, wala hata kijiti chenye pamba. Ngozi ya tundu ni laini, tena ikilowa hulainika zaidi. Ikikwaruzwa, vijidudu vya maradhi hupata mlango. Kijiti kikisukumwa mbali, au mkono wa mchokoaji ukigongwa na mtoto apitaye, kiwambo hutoboka.

Nayo nta ya sikio si uchafu. Hunasa vumbi, huzuia ngozi isilowe, kisha hutoka yenyewe kidogo kidogo. Lakini nta nyingi ikinywa maji huvimba na kuziba tundu, hata mtu akadhani ya kuwa maji yangalimo. Achokoapo huisukuma ndani zaidi. Mtu wa namna hiyo na aende hospitali, ambako waganga wanavyo vyombo vya kuitoa bila kumdhuru.

Maji yakikaa mno, hasa maji machafu ya mafuriko au ya mabwawa, ngozi ya tundu huweza kuugua. Dalili zake ni mwasho, kisha uvimbe na maumivu yazidiyo sikio linapovutwa au kubonyezwa. Ugonjwa huu hutibiwa kwa matone ya dawa atakayoagiza mganga. Kumimina mafuta au maziwa ya mama sikioni si dawa yake.

Lakini si kila maji yatokayo sikioni ni maji ya bahari. Hapa ndipo wazazi wengi wadanganyikapo. Mtoto apatapo mafua, vijidudu huweza kupanda kwa ule mrija wa nyuma ya pua na kuingia katika chumba kilicho nyuma ya kiwambo. Usaha hujaa humo, mtoto hulia usiku kwa maumivu, na pengine kiwambo hupasuka, usaha ukatoka nje. Maumivu yakapungua, na mzazi akasema, “Ni maji ya kuogelea, yatakauka.” Usaha ukidumu kutoka kwa siku 14 au zaidi, ugonjwa umekuwa wa kudumu, na usikivu wa mtoto u hatarini. Shuleni hasikii vema asemayo mwalimu, naye hudhaniwa kuwa mzito wa akili au mtukutu, kumbe ni sikio. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yawezayo kuzuiwa.

Mtoto wa namna hiyo na apelekwe zahanati ya karibu, au hospitali ya Kilifi au ya Malindi. Huko mama hufundishwa kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, walau mara 3 kwa siku, naye hupewa dawa ya kutia. Asiogelee hata apone, maana penye kiwambo kilichotoboka maji hupita ndani. Ikionekana nyuma ya sikio pamevimba na panauma, asingojeshwe hata siku moja.

Wapiga mbizi nao wana jambo lao. Katika kina cha mita 10 mkandamizo huwa mara 2 ya ule ulio juu ya maji, na kiwambo husukumwa kwenda ndani. Mvuvi na azibe pua, afunge mdomo, apulize taratibu, akianza kabla ya kusikia maumivu, ili hewa ipande kwa ule mrija na kusawazisha pande mbili za kiwambo. Mwenye mafua asipige mbizi, maana mrija wake umevimba. Akiibuka akahisi sikio limejaa, huenda maji hayo yako nyuma ya kiwambo, nayo yametoka katika nyama za chumba kile, si baharini. Kutikisa kichwa hakutayatoa. Akiona damu au kizunguzungu, aende hospitali mara moja, wala asirudi majini mpaka mganga amruhusu.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kukumbuka. Maji ya bahari hutoka kwa kuinamisha kichwa na kwa subira. Sikio likiwa bado limeziba baada ya siku 2 au 3, au likiuma, au likitoa usaha, shida si maji tena, na mahali pake ni kwa mganga.