Mackinnon Road: Stesheni Imelala, Ziara i Macho

Jina la Mackinnon Road ni la bwana mmoja, na heshima ya mahali penyewe ni ya mwingine. Sir William Mackinnon, mkuu wa ile kampuni ya Waingereza iliyoitangulia serikali ya kikoloni, ndiye aliyeanza kufungua barabara ya kutoka Mombasa kwenda bara. Alikufa 1893. Reli ikaanza kutandikwa Mombasa 1896, na stesheni ya nyika ya Taru ikapewa jina la barabara yake.

Nyika hiyo, msomaji wangu, ilikuwa kavu hata wajenzi wakipelekewa maji kwa gari la moshi. Makuli walioletwa kutoka Bara Hindi walizidi 31,000. Kiasi cha 2,500 walifia kazini. Na katika wachapa kazi wa reli hiyo alikuwamo Sayyid Baghali Shah. Husimuliwa kwamba karai lake lilielea juu ya kichwa chake pasipo kumgusa. Wa kusadiki na asadiki, wa kusita na asite. Linalonishika mimi ni kwamba mchukuzi wa karai ndiye anayesomewa Fatiha hata leo, na bwana wa kampuni hana amtajaye ila kwa kibao cha stesheni.

Kaburi lake liko msikitini, ubavuni mwa reli. Sisi wa daraja la tatu, miaka ya 1980, tukikaribia hapo usiku tulikuwa tukiamshana: “Haya jamani, kwa Sayyid hapo!” Mikono ikainuliwa, hata na wasiokuwa Waislamu.

Waingereza nao walipataka. Mnamo 1947 walianza bohari kubwa ya jeshi, wakaiacha; miaka ya 1950 wakawafungia hapo mahabusi wa Mau Mau.

Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa na magari ya abiria ya reli kongwe yakakoma. Reli mpya ina stesheni Mariakani na Miasenyi. Mackinnon Road, iliyo kati yao, ikarukwa. Aendaye ziara sasa hutegemea barabara kuu, ambako madereva bado husimama, wakasali, wakatoa sadaka, kisha wakashika njia.

Ombi langu kwa wenye reli ni dogo: jengo lile lisiachwe likaanguka, na ukutani pake paandikwe, kwa Kiswahili, habari za waliobeba makarai.